Hewa ukaa ya nguo haiko shambani Nzega

Mwaka 2015 kampuni ya Levi Strauss ilichapisha hesabu ya suruali yake ya jinzi aina ya 501, ikiifuata tangu pamba inapopandwa hadi suruali inapotupwa jalalani. Jumla ikaja kilo 33.4 za hewa ukaa kwa suruali moja. Jinzi za namna hiyo, zikiwa zimeshavaliwa na kuchoshwa na mtu mwingine ughaibuni, zinauzwa kwenye minada ya Tabora kila wiki. Naanza nazo kwa sababu ni nguo tunayoifahamu, na hesabu yake imewekwa wazi kipande kwa kipande.

Kulima pamba na kuichambua kulichukua kilo 2.9. Kutengeneza kitambaa, yaani kusokota nyuzi, kuzitia rangi na kuzifuma, kilo 9.0. Kukata na kushona 2.6. Zipu, vifungo na vifungashio 1.7. Usafiri pamoja na maghala na maduka 3.8. Kufua na kukausha kwa miaka yote ya kuvaliwa 12.5. Kuitupa 0.9.

Hiyo 12.5 isikutishe. Inamhesabu mtu anayefua kwa mashine, kisha anakausha kwa mashine nyingine. Suruali hiyohiyo ikiletwa Ipuli au Cheyo, hapa Tabora mjini, ikafuliwa kwa beseni na sabuni ya mche, ikaanikwa kwenye kamba, fungu hilo karibu lote linafutika. Linabaki la pasi ya mkaa, kwa wale wanaopiga jinzi pasi (wapo). Ukishaliondoa, kinachopanda juu kabisa ya orodha ni zile kilo 9 za kitambaa. Mkulima yuko mbali nyuma, fundi cherehani naye yuko nyuma, na usafiri, hata ukijumlishwa na maghala na maduka, haufiki nusu ya hapo.

Nasema haya kwa sababu mazungumzo ya nguo zinazotunza mazingira yameanza kuwafikia wakulima wetu wa pamba, na yanaingia kwa mlango usio wake. Mnunuzi wa nje anataka kujua pamba ililimwaje, mbolea kiasi gani, shamba liko wapi. Ni maswali halali. Lakini mtu anayetaka kupunguza hewa ukaa ya nguo akaanzia kwa mkulima wa Nzega, atakuwa amepitiliza nyumba inayowaka moto.

Kitambaa kinapikwa

Tuifuate pamba yenyewe. Mkulima wa Nzega au Igunga anachuma, anatenga safi na fifi, anapeleka kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inapimwa. Lori linaipeleka kiwandani kuchambuliwa. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu, zaidi kidogo ya theluthi inatoka kuwa pamba nyuzi. Zilizobaki karibu zote ni mbegu za kukamuliwa mafuta, na mashudu yake wanakula ng'ombe. Pamba nyuzi inafungwa marobota, na sehemu kubwa ya marobota ya Tanzania inapanda meli ikiwa ghafi vilevile, kwenda Asia.

Huko kwanza inasokotwa. Usokotaji ni kazi ya umeme: maelfu ya pini zinazunguka usiku na mchana, na mitambo mingine inarusha unyevunyevu hewani ili uzi usikatike. Ufumaji nao ni umeme. Mpaka hapo kitambaa bado ni cha rangi ya kimanjano na kimekakamaa. Kinaoshwa kwa maji ya moto kuondoa nta ya asili ya pamba pamoja na wanga uliopakwa nyuzi ili zihimili mashine. Kinapaushwa, kwa maji ya moto. Kinatiwa rangi, mara nyingi kwa maji ya moto, na poliesta yenyewe haishiki rangi vizuri mpaka ifike nyuzijoto 130 ndani ya mtungi uliofungwa. Kinaoshwa tena na tena kutoa rangi ambayo haikushika. Kinakaushwa. Kinapakwa dawa ya kulainisha, kinakaushwa tena.

Hapa ndipo hewa ukaa inapotoka, na sababu yake ni fizikia ya kawaida. Kupasha lita 1 ya maji kutoka nyuzijoto 25 hadi 95 kunahitaji kilojuli 293 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo iwe mvuke kunahitaji kilojuli nyingine 2,260, karibu mara nane. Mama anayejua kufua hukamua shuka mpaka mikono iume kabla ya kulianika, ili jua lisipewe kazi ya bure. Kiwandani kazi hiyo inafanywa na roli mbili nzito zinazokibana kitambaa kabla hakijaingia kwenye kikaushio. Roli zikichakaa, kitambaa kinapita na maji mengi, na yale maji yanaondolewa kwa mvuke wa boila, yaani mtungi mkubwa wa kuchemshia maji. Hakuna atakayeandika habari gazetini kuhusu roli zilizochakaa, ila tani za makaa ya mawe zinaishia hapo.

Kuna mengine ya aina hiyo. Mashine za zamani za kutia rangi hutumia lita 8 au 10 za maji kwa kila kilo ya kitambaa katika kila hatua. Za kisasa zinashuka hadi lita 4 au 5. Maji yakipungua nusu, joto la kuyapasha nalo linapungua nusu. Mabomba ya mvuke yasiyofunikwa yanapasha joto dari la kiwanda. Maji ya moto yaliyotumika yanamwagwa mtaroni yakiwa bado yanafuka, wakati yangeweza kupitishwa kando ya maji baridi yanayoingia na kuyapasha bure. Ipo hata njia ya kutia rangi pamba bila kuchemsha: kitambaa kinapitishwa kwenye rangi, kinakamuliwa, kinaviringishwa kwenye roli kubwa, kinafungwa nailoni na kulazwa saa kadhaa hadi siku nzima kwenye joto la kawaida huku kikizungushwa polepole. Rangi inashika yenyewe. Njia hii ina miongo kadhaa sasa, na haimfai kila mtu: inahitaji oda kubwa za rangi moja, na mitindo ya leo inataka mita chache za rangi kumi.

Sasa, boila linachoma nini? China, India, Vietnam na Indonesia, mara nyingi makaa ya mawe. Bangladesh, zaidi gesi. Ndiyo maana taasisi za World Resources Institute na Apparel Impact Institute zilipokaa kuhesabu mwaka 2021, zikiishia mlangoni mwa kiwanda cha kushona, zaidi ya nusu ya hewa ukaa yote waliikuta kwenye hatua hii moja ya kufuma, kutia rangi na kumalizia kitambaa. Ushonaji, ambao ndio tunauona kwenye picha, ulikuwa chini ya sehemu moja ya kumi.

Na kwa kuwa tumetaja hesabu, tulimalize na jambo la asilimia 10. Huenda umeshasoma kwamba nguo zinatoa asilimia 10 ya hewa ukaa yote duniani, kuliko ndege na meli zikijumlishwa. Imerudiwa sana mpaka hakuna anayeuliza ilitoka wapi. Hesabu zilizoonyesha kazi yake ziko chini ya hapo: kampuni ya McKinsey mwaka 2020 ilipata tani bilioni 2.1 kwa mwaka 2018, karibu asilimia 4. Zile taasisi mbili nilizotaja zilipata kama tani bilioni 1 kwa mwaka 2019, asilimia 2 hivi. Tofauti yao inatokana kwa sehemu na mipaka: McKinsey walihesabu mpaka nguo kufuliwa nyumbani, hawa wengine hawakufanya hivyo. Mimi natumia ile ndogo ninapozungumzia viwanda. Tani bilioni 1 zinatosha kabisa, hazihitaji kutiwa chumvi.

Mafungu matatu na mchezo wa karatasi

Makampuni mengi yanahesabu hewa ukaa kwa utaratibu uitwao GHG Protocol, uliotolewa mwaka 2001 na World Resources Institute pamoja na baraza la wafanyabiashara la WBCSD. Unagawa hewa ukaa ya kampuni katika mafungu matatu. La kwanza ni ile inayotoka kwa kampuni yenyewe: boila lake, magari yake. La pili ni ya kuzalisha umeme au mvuke inaonunua. La tatu ni kila kitu kingine, kuanzia mali ghafi inazonunua hadi bidhaa zake zinapotupwa.

Chukua kampuni ya nguo yenye maduka London na haina hata cherehani moja ya kwake. Fungu la kwanza na la pili ni taa za duka, kipoza hewa na magari ya mameneja. Mashamba, visokotio, maboila, meli, vyote viko fungu la tatu, na kwa makampuni ya nguo fungu hilo kwa kawaida linapita asilimia 90. Kwa hiyo kampuni ikitangaza kwamba imepunguza hewa ukaa yake kwa asilimia 80, swali la kwanza ni: fungu la ngapi? Kubadilisha taa za maduka na kununua vyeti vya umeme safi kunaweza kuleta tangazo zuri sana bila boila hata moja la Asia kuzimwa.

Mwezi Desemba 2018, kwenye mkutano wa tabianchi wa Katowice, makampuni kadhaa ya nguo yalitia saini mkataba chini ya Umoja wa Mataifa, wakaahidi kupunguza asilimia 30 ifikapo 2030. Mwaka 2021 kule Glasgow ahadi ikapandishwa kuwa nusu, na kufikia sifuri halisi ifikapo 2050, yaani kutotoa hewa ukaa kuliko inayoondolewa angani, fungu la tatu likiwemo. Ahadi ni nzuri. Tatizo ni kwamba fungu la tatu la kampuni ya London ni fungu la kwanza la mwenye kiwanda cha kutia rangi, na huyo hakualikwa kutoa ahadi. Aliletewa.

Kuna jambo jingine ndani ya fungu la tatu ambalo linamgusa mkulima wetu moja kwa moja. Kampuni isiyojua pamba yake ilitoka wapi hutumia takwimu za wastani: kilo moja ya pamba ni sawa na kilo kadhaa za hewa ukaa, basi. Wastani huo unachanganya mashamba ya umwagiliaji wa pampu na mbolea za chumvichumvi pamoja na shamba la ekari mbili la Igunga linalotegemea mvua ya Mungu. Mbolea ya naitrojeni ina uzito mkubwa kwenye hesabu hizi, kwanza kwa sababu inatengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe, na pili kwa sababu sehemu yake ikishawekwa udongoni inageuka kuwa oksidi ya naitrasi, gesi ambayo kilo yake moja inapasha dunia sawa na kilo 273 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100.

Unaweza kuyawaza mazungumzo ya kijana mwenye fomu na mzee wa pamba:

"Shikamoo mzee. Mwaka jana uliweka kilo ngapi za mbolea kwenye pamba?"

"Marahaba. Mbolea gani, mwanangu? Ng'ombe walilala pale shambani kiangazi, basi."

"Kwa hiyo niandike sifuri?"

"Andika ng'ombe."

Fomu haina sehemu ya ng'ombe. Lakini ile sifuri ina thamani ya fedha kwa mtu aliye upande wa pili, kwa sababu inashusha hesabu ya fungu lake la tatu. Kule Meatu, mkoa wa Simiyu, mradi wa bioRe umekuwa ukinunua pamba hai kwa wakulima tangu 1994, na mkulima analipwa nyongeza kwa pamba inayofuatiliwa kutoka shambani. Kwa hiyo si ndoto. Pamba hiyo ikifika kwenye boila la makaa ya mawe itatoa hewa ukaa ileile ya pamba nyingine, hilo lisisahaulike, ila angalau mwenye shamba alilipwa kwa taarifa zake.

Shamba nalo lina dhambi yake, na si mbolea. Mavuno yetu kwa ekari ni madogo, na mkulima anayetaka pamba zaidi mara nyingi anaongeza eneo. Pale eneo jipya linapokatwa kutoka msituni, hewa ukaa ya miti iliyochomwa inaweza kuzidi kila kitu kingine kilichofanyika shambani kwa miaka. Nzega na Igunga sehemu kubwa ilishafyekwa zamani; ukielekea Kaliua au Sikonge habari ni nyingine. Mwenye kudai pamba safi angeuliza kwanza kuhusu miti, halafu ndipo aulize mbolea.

Kuni si jibu, na Tabora inajua

Hapa pana mtego ambao watu wa Tabora wanauelewa kuliko washauri wengi wa tabianchi. Viwanda vinavyotaka kuacha makaa ya mawe haraka, njia rahisi ni kuchoma kuni, pumba, maganda au vumbi la mbao. Boila linabadilishwa kidogo, moto ni uleule. Na kwenye vitabu hewa ukaa ya kuni haijumlishwi kwenye yale mafungu matatu. Inaandikwa kando, kwa hoja kwamba mti mwingine utaota na kuinyonya tena. Kiwanda kinahama kutoka makaa ya mawe kwenda kuni na kwenye karatasi hewa ukaa yake inaporomoka.

Nenda Urambo ukaulize habari ya mabani. Tumbaku ya mvuke inakaushwa ndani ya bani kwa moto wa kuni, siku kadhaa mfululizo usiku na mchana, msimu hadi msimu. Kwa miaka mingi kuni hizo zimetoka kwenye miombo. Kwa hoja ya kitabuni, miti ile ilitakiwa iwe imeota tena. Baadhi imeota, pale palipoachwa papumzike, maana miombo huchipua vizuri kutoka kwenye visiki. Sehemu nyingine pamelimwa, pamelishwa mifugo, pamechomwa moto kila kiangazi, na wafugaji wa nyuki wanasogeza mizinga mbali zaidi. Hewa ukaa ya kuni ni sifuri pale tu mti unapopewa nafasi na muda wa kurudi. Karatasi inauhesabu muda huo kama umeshapita.

Kwa hiyo mtu akija na mpango wa kiwanda cha kutia rangi kitakachoendeshwa kwa nishati ya mimea hapa magharibi, swali ni mimea ipi. Maganda ya mbegu za pamba yanayobaki kwenye ukamuaji wa mafuta ni fueli nzuri, na hayahitaji mti kukatwa. Miti ya pamba yenyewe ni habari nyingine ya kuvutia. Baada ya mavuno mkulima anatakiwa kung'oa miti ya pamba na kuichoma moto, ili wadudu wasipate pa kukaa mpaka msimu ujao. Kila mwaka tunachoma fueli hiyo bure mashambani, kwa amri na kwa sababu nzuri. Ikisagwa na kushindiliwa kuwa vipande vigumu inawaka vizuri kwenye boila, na mdudu anakufa vilevile.

Ugumu uko kwenye lori. Miti ya pamba ni myepesi na ina nafasi nyingi. Lori linajaa kabla halijabeba uzito wa maana. Iko ekari mbili hapa, ekari tatu kule, na lazima iondoke ndani ya muda mfupi. Bila mashine ya kushindilia iliyo karibu na AMCOS, dizeli ya kuikusanya italamba faida yote. Hata hivyo ni hesabu ninayotamani mtu aifanye kwa makini, kwa sababu haiombi mti hata mmoja wa miombo.

Umeme wa wapi

Njia nyingine ni kuacha moto kabisa na kupasha maji kwa umeme. Watu wanaidandia haraka mno. Kituo cha makaa ya mawe kinapoteza zaidi ya nusu ya joto lake kabla umeme haujatoka, hivyo uniti moja ya umeme huo inabeba takriban kilo 1 ya hewa ukaa, wakati boila linalochoma makaa yaleyale papo hapo linatoa joto sawa na hilo kwa chini ya nusu kilo. Ukifunga boila la umeme mahali ambapo gridi inaendeshwa kwa makaa ya mawe, umeongeza hewa ukaa na kuihamishia kwa jirani. Kinachobadilisha hesabu ni pampu ya joto, mashine inayofanya kazi kama jokofu lililogeuzwa: inavuta joto kutoka maji machafu ya moto na kulisukuma kwenye maji masafi, na kwa uniti moja ya umeme inatoa uniti mbili hadi tatu za joto.

Umeme wa wapi ndilo swali lote. Kigoma wanaweza kulieleza hili vizuri. Kwa miaka mingi mji ule uliwashwa kwa majenereta ya dizeli, mpaka miaka ya karibuni ulipounganishwa na gridi ya taifa. Fundi wa mtaa wa Mwanga anayeshona vitenge kwa cherehani ya umeme hakubadilisha mashine wala uzi. Kilichobadilika ni upande wa pili wa waya, na hewa ukaa ya gauni lake ikashuka bila yeye kufanya lolote. Sasa gridi hiyo ina bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, likisaidiana na gesi ya kusini.

Hapo ndipo inapopatikana hoja ya kusokota nyuzi nchini. Tabora yenyewe iliwahi kuwa na kiwanda cha kusokota nyuzi, Mwanza ilikuwa na Mwatex, Dar es Salaam Urafiki. Usokotaji ni umeme mtupu. Pamba ya mvua, isiyo na mbolea, ikisokotwa kwa umeme ambao sehemu kubwa ni maji, ni uzi wenye hewa ukaa kidogo kuliko nyuzi nyingi zilizoko sokoni. Kutia rangi ni kesi nyingine, kwa sababu joto lake Tabora lingetoka wapi tumeshaona. Mimi ningeanza na uzi.

Kuhusu usafiri sina mengi. Meli kubwa inatoa gramu 10 hadi 20 za hewa ukaa kwa kila tani inayosafirishwa kilomita moja. Fulana ya gramu 200 ikivuka kilomita 10,000 baharini inabeba gramu 20 hadi 40. Kilomita 850 hivi za lori kutoka Dar es Salaam hadi Tabora zinaongeza gramu 10 hadi 17, yaani barabara yetu peke yake inakaribia nusu ya bahari nzima. Reli ingepunguza. Ila fulana hiyo ikipandishwa ndege, ni zaidi ya kilo 1 papo hapo. Kampuni ya Shein, inayotuma vifurushi kwa ndege moja kwa moja kwa wateja, iliripoti kwamba usafirishaji ulikuwa zaidi ya theluthi ya hewa ukaa yake ya mwaka 2023. Mtindo mmoja wa biashara unaweza kuligeuza jambo dogo likawa kubwa.

Wingi, halafu bili

Mwaka 2000 dunia ilizalisha kama tani milioni 58 za nyuzi za aina zote. Mwaka 2023 zilikuwa tani milioni 124, na zaidi ya nusu yake ni poliesta inayotokana na mafuta ya petroli. Pamba imebaki kama moja ya tano. Kiwanda kikifaulu kupunguza hewa ukaa ya kila kilo ya kitambaa kwa nusu, na kilo zikaongezeka maradufu, tumesimama palepale. Ndiyo sababu sioni aibu kuutetea mtumba katika hesabu hii moja. Shati linalovaliwa na watu wawili limegawana boila moja. Mtumba una maneno yake mengine, kuhusu viwanda vyetu na kuhusu belo zinazofunguliwa zikakutwa zimejaa matambara. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliamua kuuondoa taratibu, Marekani ikatishia kuondoa fursa za AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, na Rwanda peke yake ikashikilia msimamo mpaka ikasimamishwa upande wa nguo mwaka 2018. Huo ni mjadala wa ajira na uchumi. Kwa hewa ukaa, nguo iliyokwisha pikwa ni bora ivaliwe mpaka ichanike.

Kinachobaki ni bili. Karibu kila kitu nilichokitaja kiwandani kinajulikana na kimeshafanyika mahali: roli mpya, mabomba yaliyofunikwa, mashine za maji machache, pampu ya joto. Mengine yanarudisha fedha yake ndani ya miaka miwili au mitatu kwa fueli inayookolewa. Boila na pampu ya joto ni mkopo wa miaka kumi na zaidi. Mwenye kiwanda anauliza mkopo huo ataulipaje ikiwa oda inakuja kwa msimu mmoja, bei inabanwa kila mwaka, na mnunuzi anaweza kuhamia nchi nyingine kwa senti mbili za fulana. Kampuni inayodai kiwanda kipunguze nusu ya hewa ukaa huku ikikataa kuandika mkataba wa miaka mitano inajua vizuri inachofanya. Benki nayo inataka kuona mkataba huo kabla haijatoa hata shilingi.

Mazungumzo ya namna hiyohiyo yanahitajika chini, kwenye AMCOS. Mnunuzi akileta fomu ya hewa ukaa, viongozi wa chama wana haki ya kuuliza kabla ya kuanza kuijaza: taarifa hizi zitakuwa mali ya nani, zitatumika kushusha hesabu ya fungu la ngapi, na nyongeza ni shilingi ngapi kwa kilo. Waulize pia pamba hii itasokotwa na kutiwa rangi wapi, na boila la huko linachoma nini. Jibu la swali hilo la mwisho mnunuzi mara nyingi hana, na kutokuwa nalo kwake ni hoja nzuri ya kupandisha bei.